Siku Attracta Alipomtazama Fergal Akicheza

Jumapili iliyopita mchana Attracta Mulvey aliota ndoto akiwa ndani ya gari la binti yake, mkanda kaufunga, nje ya uwanja wa Killadreen, mji mdogo huko Ayalandi.

Hakukusudia kulala. Alikusudia kukaa tu humo garini mpaka mechi iishe. Ilikuwa mechi ya kumkumbuka mumewe Fergal, aliyefariki mwezi wa pili kwa ugonjwa wa moyo, akifunga mlango wa zizi. Fergal alikuwa mchezaji wa hurling, mchezo wa kwao unaochezwa kwa fimbo iliyo bapa mwishoni kama mwiko na kimpira kigumu cha ngozi. Kwa miaka mingi alikuwa beki wa timu ya kaunti. Watu wazima walikuwa bado wakimsimamisha dukani kumweleza mpira alioudaka yeye mwenyewe, kana kwamba hakuwapo siku hiyo.

Kaunti nzima ilimwona akicheza. Mkewe hakumwona hata mara moja.

Sababu yake ilijulikana. Attracta akiwa msichana alikuwa ukingoni mwa uwanja huu huu siku kaka yake Malachy alipopigwa na mpira usoni. Zama zile hawakuvaa kofia za kujikinga. Malachy akapoteza jicho moja, na Attracta akaapa kwamba hatatazama tena mchezo ule. Fergal alipokuja kumchumbia alimkuta na kiapo chake, akakiacha kilivyo. Jumapili za mechi Attracta alikuwa akizima redio na kusugua sakafu ambayo ilikuwa safi tayari. Mume akirudi, alimuuliza kama ameumia. Fergal alisema hapana, hata siku zile ambazo vidole vyake vilikuwa vimeelekea pande mbili tofauti. Kama walishinda au walishindwa, mkewe hakuuliza, naye hakusema.

Asubuhi ile binti yao Orla alikuwa amembembeleza sana. Alimwambia kwamba vijana wa klabu wote watavaa namba ya baba, kwamba watu watashangaa asipokuwapo. Mwisho akasema, "Mama, baada ya leo hakuna mechi nyingine ya baba."

Attracta alijibu kwamba atafika mpaka getini. Akafika mpaka getini. Orla akaingia peke yake, jua hafifu likapiga kioo cha gari, na mama wa watu akasinzia.

Ndipo mtu akagonga dirisha. Alikuwa refa, kipenga shingoni, matope mpaka magotini. Ndevu zake zilikuwa zimeota majani mafupi mabichi, yamekatwa sawasawa kama ya uwanja. Aliomba radhi kwa usumbufu, akasema mechi imekataa kuisha.

"Mechi gani?" Attracta akauliza.

"Ya mumeo. Tuliianza alipokuwa kijana. Kanuni inasema haiishi mpaka kila mwenye kiti awe ameketi na kutazama. Wote wameshaketi, Bi Mulvey. Umebaki wewe."

Attracta akasema ameacha sufuria jikoni. Refa akamwambia asiwe na wasiwasi, sufuria iliwahi kufika, iko safu ya tatu.

Basi akashuka.

Getini anamkuta mlinzi anayekagua mikono ya watu. Katika mchezo ule mwenye mpira mkononi haruhusiwi kwenda nao zaidi ya hatua nne. Lazima aurushe, aupige, au auweke juu ya fimbo. Siku hiyo kanuni inahusu kila mtu na kila kitu. Wanaume wanaingia wakirusha vikombe vya chai na kuvidaka. Padre anarusha Biblia. Attracta anapiga hatua nne, anarusha mkoba wake juu, anaudaka, anaendelea. Mkoba unamwomba afanye taratibu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna miwani.

Hatua nne za mwisho zilimfikisha kanisani.

Majani yalikuwa yale yale, ila sasa kulikuwa na viti vya kanisa na mishumaa, na jeneza la Fergal lilikuwa likipita katikati, kama lilivyopita mwezi wa pili. Waliolibeba walikuwa wachezaji wenzake wa zamani, wote wazee, wamevaa jezi juu ya makoti. Walikwenda nalo hatua nne, wakalipokeza kwa wengine. Wale nao hatua nne, wakapokeza. Mabeki waliwapa viungo, viungo wakawapa washambuliaji. Hakuna aliyeliangusha. Fergal mwenyewe alikuwa mmoja wa wabebaji, upande wa kushoto, akipumua kwa shida kama alivyokuwa akipumua mwaka wake wa mwisho. Attracta alitaka kumwambia aliweke chini, si kazi yake ile. Lakini jeneza lilikwisha kupita, na kanisa likaondoka pamoja nalo.

Yakabaki majukwaa. Ulikuwa uwanja mkubwa wa Dublin, ule wa fainali, umejaa mpaka juu, na watu wote kimya.

Pembeni kulikuwa na benchi la wachezaji wa akiba, na juu yake zimeketi fimbo, fimbo zote alizovunja Fergal tangu ujana. Nyingine zilifungwa mabati madogo vichwani, nyingine zilikuwa nusu. Zikasogea kidogo kumpisha.

"Wewe ndiye mke," ikasema moja iliyopasuka katikati.

Attracta akakubali kwamba ndiye.

Ile fimbo ikamweleza kwamba ilivunjika fainali ya pili. Ilimweleza kwa utaratibu, kama mgonjwa anayemwelezea mgeni maumivu yake. Dakika za mwisho, Killadreen na kaunti nzima wamesimama, mpira ukaja juu, Fergal akaufikia kabla ya wawili wengine, akaupiga, na fimbo ikakatika mkononi mwake. Mpira ukaanguka miguuni mwa adui. Wakafungwa, na kombe likaenda kwingine. Kwenye basi la kurudi Fergal aliishikilia ile nusu njia nzima. Wenzake walilia, yeye hakulia. Alisema tu kwamba akifika nyumbani Attracta atamuuliza kama ameumia, na hajui atajibu nini.

"Alijibu nini?" fimbo ikauliza.

"Alisema hapana," Attracta akajibu.

Fimbo zikamwonyesha njia ya kwenda kwenye kiti chake.

Kiti chake kilikuwa safu ya mbele. Kilikuwa cha mbao, chembamba, na kilikuwa kimepata mafua. Kikasema miaka yote hiyo kimekaliwa na makoti ya watu wengine, mwavuli mmoja, na mara moja kopo la biskuti, lakini Fergal akitokea uwanjani hakuacha kukitazama. Kwanza hukitazama, ndipo huvaa kofia. Attracta akaomba radhi, akaketi. Kiti kikashusha pumzi.

Uwanjani walikuwa wakicheza. Alisikia fimbo zikigongana, akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Ikiisha," akakiuliza kiti, "huwa wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kuoga," kiti kikasema. "Wakishaoga wanakwenda zao."

Attracta akafahamu. Akiinua macho akatazama, mechi itaisha, na Fergal ataoga na kwenda zake. Asipotazama, itaendelea. Akafunika uso kwa viganja viwili, akakaza. Aliona ni jambo jepesi. Amelifanya maisha yake yote, anaweza kulifanya milele.

Mechi ikaendelea. Mvua ikanyesha, ikakatika. Wachezaji walianza kukohoa. Mmoja akaomba kiti cha magurudumu, akapewa, akaendelea kucheza ameketi. Fergal alikuwa akiwapigia kelele wenzake wajipange, na sauti yake, iliyoanza ikiwa ya kijana, ikawa ya mtu mzima, kisha ya mzee, kisha ikawa ile sauti ya zizini, ya mtu anayeita akiwa ameshika ubao wa mlango. Attracta akakaza viganja zaidi.

Mtu akaketi karibu naye. Alimjua kwa harufu ya tumbaku. Alikuwa Malachy, kaka yake, aliyefia Boston akiwa fundi wa paa. Akamchungulia pembeni ya kiganja. Alikuwa na umri ule aliokuwa nao siku ya mpira, na shimo lake la jicho lilikuwa limeshonwa vizuri.

Attracta akamuuliza kama kunamuuma. Malachy akasema hakujamuuma tangu wiki ile ile. Jicho lenyewe halikuondoka uwanjani, akasema. Liko pale juu ya mlingoti wa goli, na halijakosa mechi hata moja.

Kisha Malachy akasema, taratibu, bila kumlaumu:

"Mimi sikuuchukia huu mchezo, Attracta. Ungeniuliza ningekwambia. Nililala hospitali nikiuliza nani kashinda."

"Nilikuwa nakulilia wewe."

"Najua. Lakini mimi nilishapona. Mtazame mwenzako, amechoka."

Attracta alisikia tena ile sauti ya zizini ikiita wajipange, na mara hii ilikatika katikati ya neno.

Akaondoa mikono.

Fergal yuko mbele ya goli. Ni kijana, nywele zake nyekundu zimelowa jasho, soksi moja imeshuka. Mpira unakuja kutoka mbali, juu sana, unazunguka. Watatu wanaukimbilia. Yeye hakimbii, anasogea hatua moja nyuma, anangoja, kama mtu anayengoja maji yachemke. Kisha anaruka. Attracta hakujua kwamba mumewe anaweza kuruka. Nyumbani alikuwa mtu mzito, wa kushuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Anaruka juu ya vichwa vyao, mkono wake unafunguka katikati ya fimbo tatu, na mpira unaingia kiganjani bila sauti. Anatua. Anamkwepa mmoja, anamzunguka mwingine, anacheka. Anacheka, Bwana, uso mzima. Huo uso Attracta hajawahi kuuona, na ameishi naye mpaka wakazeeka.

"Ndivyo alivyokuwa?" akamuuliza Malachy.

"Kila Jumapili," Malachy akasema.

Attracta akalia, lakini safari hii hakufunika macho. Alimwona akivunjika vidole na kuvinyoosha mwenyewe. Alimwona akipoteza fainali zote mbili, amesimama wima wakati wengine wameanguka majanini. Alimwona siku goti lilipokataa, na siku ya mwisho, mechi ndogo ya mvua dhidi ya majirani, watu wachache chini ya miavuli, kocha akimwita atoke. Alitoka polepole. Kabla ya kuketi benchi alikitazama kiti cha safu ya mbele.

Mara hii alikuta mtu.

Fergal akasimama. Akaokota mpira chini, akaurusha juu kidogo, akaupiga. Ulikuja moja kwa moja jukwaani, mgumu, ukivuma, na Attracta akanyoosha mkono mtupu akaudaka. Ulimchoma mpaka kwenye kiwiko. Hakuuachia.

Refa akapuliza kipenga. Watu wakaanza kukunja makoti yao.

Fergal akaja mpaka ukingoni, akaegemea ubao, akipumua. Alikuwa tena mzee wake wa Februari, mwenye sweta la kazi.

"Ulichelewa barabarani?" akauliza.

"Magari yalikuwa mengi," Attracta akasema.

Fergal akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayezijua barabara hizo. Mkewe alitaka kumuuliza lile swali la siku zote, kama ameumia. Badala yake akauliza kama walishinda. Fergal akafikiri.

"Mara nyingine tulishinda," akasema. Kisha akafuta mikono kwenye sweta. "Basi, mimi nakwenda kuoga. Nitakukuta garini."

Akaenda. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka, ukatoa mvuke, ukafungwa.

Dirisha likagongwa. Alikuwa Orla, mashavu mekundu kwa baridi, macho yamevimba. Akaingia, akawasha gari na kipasha joto, akasema mechi imekwisha. Akasema ilikuwa nzuri, kwamba watu walisimama kimya kwa ajili ya baba na hata watoto walinyamaza, kwamba wengi walimuulizia mama na yeye akawaambia hajisikii vizuri. Hakusema kwa ukali. Akaongeza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema, kwamba mwishoni kijana aliyecheza beki aliupiga mpira ukapita juu ya jukwaa ukatoka nje upande huu wa magari, wakautafuta kila mahali, hawakuuona.

Attracta alikuwa amekunja mkono wa kulia mapajani. Akaukunjua. Kiganja kilikuwa chekundu, kimeanza kuvimba, na katikati yake kulikuwa na alama ya mshono wa ngozi, uliopinda, umechapwa wazi.

"Mama, umejigonga wapi?"

Attracta akakikunja tena kiganja. Orla akashika usukani, akauliza waende nyumbani. Attracta akamwomba wasubiri kidogo.

Wachezaji wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wawili wawili, nywele zimelowa, mifuko begani. Attracta alimtazama kila mmoja usoni. Magari yakaondoka. Orla, asijue wanamsubiri nani, akazima injini, akamshika mama yake mkono ule mwingine. Wakakaa hivyo mpaka mlinzi wa uwanja alipotoka wa mwisho, akazima taa ya chumba cha kubadilishia nguo na kufunga mlango.