Gari Lililoegeshwa Kona ya Mateja

Jumanne, tarehe kumi na nne Februari, mambo yaliharibika asubuhi kweupe. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameegesha nyuma ya stendi, panapoitwa Kona ya Mateja. Wakubwa, wamekaa kwenye kiyoyozi chao, walichora ramani wakaona simu za waliozidisha unga zinatoka hapo. Basi gari lenye sindano ya kumzindua aliyezidisha likapangwa hapo, marufuku kutikisika. Mitaa mingine ikaachiwa gari moja tu, halina sindano. Huko hakuna mateja, walisema.

Redio ya upepo ikakohoa. Binti anayepokea simu za dharura alisema kuna mama haamki, anakoroma, midomo imebadilika rangi. Nyumba ina geti la kijani, karibu na kisima cha shule.

Geti lile dereva alilipaka rangi mwenyewe.

"Binti, huyo mke wangu! Amebandikwa mgongoni kiraka cha dawa ya maumivu, ukoo mmoja na unga. Nakwenda na sindano."

Mkuu wa zamu akadakia redioni. "Wewe baba, tulia hapo hapo. Gari la huko limeshatoka."

"Halina sindano, bosi!"

"Kwani mkeo kawa teja lini? Ukiondoka, mtu akafa hapo, nitajibu nini mimi?"

Dereva akabaki ameshika ufunguo. Kona nzima ilikuwa shwari. Mateja wenyewe walikuwa wamelala fofofo kivulini.

"Washa gari, kaka," mhudumu aliyekuwa naye garini akasema. "Watukate vichwa baadaye."

Walifika wakakuta wenzao wa gari lile jingine wameshamfunika. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa bado ameshika taulo linalotoa mvuke.

"Mgongo ulimzidi, shemeji. Nikamkanda na maji moto, juu ya kiraka hicho hicho. Kumbe joto linaifanya dawa iingie kwa pupa. Wenzako ndio wameniambia sasa hivi. Waliompa hawakutuambia."

Msibani mkuu wa zamu alikuja na tai shingoni, akampa pole, akainama sikioni. "Kazi ya Mungu hiyo. Ila uliondoka kazini bila ruhusa, hilo tutaliongea."

Dereva akamshika tai, taratibu, kama anayemnyooshea.

"Mungu hakuniegesha konani. Sasa niambie, bosi: kwenye ramani yenu, huyu wangu mmemtia wapi?"