Bingwa wa Mtaa wa Sikukuu

Mzungu aliingia dukani kwa Nasor Ijumaa saa saba mchana, mwenye duka akiwa msikitini, akamkuta Isidori nyuma ya meza anakula karanga za watu.

"Jambo," alisema mzungu. "Mimi nataka mafuta ya karafuu. Mkono yangu mgonjwa."

Isidori alifuta mdomo haraka. Wazungu hawakuwa na kazi Kariakoo. Waliokuja walikuja na karani, wakaandika jambo, wakaondoka. Huyu alikuwa peke yake, koti begani, viatu vimejaa vumbi la Msimbazi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha askari waliokaa Kenya wakati wa vita.

Duka halikuwa la Isidori. Yeye alikuwa Mchaga wa Kibosho, muuza vitunguu wa jumla mle sokoni. Lakini yeye na Nasor walikuwa na desturi yao: Ijumaa Isidori alishika duka Nasor akienda kuswali, na Jumapili Nasor alikaa kwenye vitunguu Isidori akienda misa. Miaka sita walikuwa hawajagombana, isipokuwa juu ya karanga. Na juu ya gofu.

Gofu iliingia dukani kwa njia ya karatasi. Nasor alifungia bizari, kahawa na sukari kwa magazeti ya zamani ya Kiingereza, yaliyoletwa na meli kwa marobota. Siku moja Isidori, ambaye ujanani alibeba mifuko ya wachezaji huko Moshi, aliona picha ya mtu ameinua fimbo, akasema, "Huyu anajua." Tangu siku hiyo ukurasa wenye gofu haukufungia bizari tena. Saadiya, binti wa Nasor aliyekuwa akisoma sekondari, aliusoma na kuutafsiri, kisha ukabandikwa ukutani kwa uji wa ngano. Isidori alimchukua Gariki, Mwingereza mwenye masikio makubwa. Nasor, kwa kumwudhi tu, akamchukua Lesta, kijana wa Kimarekani.

Tabu ni kwamba robota halijui kalenda. Wiki hii Lesta anabeba kombe, wiki ijayo Lesta ni mtoto asiyejulikana anayepoteza mipira majini. Gariki alifunga ndoa mwezi mzima kabla ya kumposa mkewe. Na kwa kuwa tarehe mara nyingi zilikuwa zimechanika, watu wa baraza la dukani walikata shauri: ukurasa wa mwisho kufika ndio habari ya mwisho. Ukurasa wa mwisho kufika ulimwonyesha Gariki akibusu kombe. Basi katika Mtaa wa Sikukuu, Gariki alikuwa bingwa wa dunia.

Isidori alikuwa akimimina mafuta kwenye kichupa alipoona mgeni wake amegeuka jiwe, anautazama ukuta. Akayaona masikio yale makubwa.

Kichupa kilimponyoka, bahati nzuri kikaangukia gunia la mchele.

"Mungu wangu," alisema. "Gariki!"

 Mzungu alikuwa akipita ukurasa mmoja mmoja kwa kidole, mpaka ule wa mwisho, wa kombe.

"Hii ya zamani," alisema. "Miaka tatu. Kwa nini iko mwisho?"

Isidori akamweleza habari za marobota. Mzungu alicheka, kicheko cha kweli, mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Kwa hiyo hapa mimi bado bingwa."

"Hapa tu?"

"Hapa tu, rafiki." Akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa mkono mzuri, mpana, lakini ulitetemeka kama jani la mgomba. "Mpira ikiwa mbali, sawa. Karibu na shimo, mkono naruka. Lesta alinipiga mwaka jana, mwaka juzi. Sasa basi. Nakwenda Durban. Hoteli moja imenipa kazi, kufundisha wageni. Meli iko bandarini, inaondoka saa kumi na moja."

Isidori aliujua ugonjwa ule. Kule Moshi wabeba mifuko walikuwa wakisema mkono umeona jini. Mtu alipiga mpira ukavuka bonde, halafu akashindwa kuusukuma hatua mbili. Aliuchukua ule mkono, akaupaka mafuta, akaukanda taratibu kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, kama mama yake alivyokuwa akimkanda baba yake baada ya kulima. Harufu ya karafuu ilijaa duka.

Alipotaka kuondoka, Gariki alitoa mpira wa gofu mfukoni, akaandika jina lake kwa wino wa buluu, polepole, ili herufi zisitetemeke.

"Wa kwako. Lakini usiambie mtu umeniona. Viatu hii, mkono hii. Niache pale ukutani."

"Simwambii mtu," alisema Isidori.

"Ahadi?"

"Haki ya Mungu."

Mzungu akaenda zake kuelekea Mnazi Mmoja, na Isidori akabaki na habari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na hana wa kumpa.

Nasor alirudi na kofia yake nyeupe na maneno yake.

"Mangi wa Uchagani! Karanga zangu ziko wapi?"

"Panya, shehe."

"Panya wa Kibosho." Alinusa. "Umeuza karafuu. Nani kanunua?"

"Mpita njia."

Nasor alikaa kwenye kiti chake, akajinyoosha. "Robota jipya linafika Jumatano. Nimechoka kumwona huyo masikio wako juu ya bizari zangu. Tuwekeane sharti. Pesa hapana, kamari ni haramu. Ukurasa wa kwanza utakaowataja wote wawili, tazama nani yuko juu. Atakayeshindwa atapanda juu ya gunia katikati ya soko Jumamosi saa nne, aseme mara tatu: mimi sijui gofu."

Siku nyingine Isidori angeruka kwa furaha. Kariakoo nzima yeye ndiye fundi wa gofu. Wachukuzi walimwita Profesa, na makarani wa halmashauri walimsalimia kwa kupiga mpira hewani. Jina hilo lilikuwa mali yake pekee asiyoipima kwa mizani. Na sasa alijua ukurasa wowote mpya ungesema nini.

Lakini akikataa, Nasor angeuliza sababu, na Nasor akianza kuuliza haachi.

"Sawa," alisema.

"Sawa tu? Hutukani?"

"Leo nimechoka."

Robota lilifika Jumatano, na Alhamisi alasiri Saadiya akaupata ukurasa. Baraza lote lilimsogelea. Aliusoma mara moja kwa macho, kisha akamtazama Isidori kwa huruma.

"Ami, sijui nisemeje. Lesta amechukua kombe. Na Gariki... wameandika ameacha kabisa. Mkono umemshinda."

Nasor alipiga makofi kwa furaha, akainuka kucheza. Halafu akasita. Miaka sita ya urafiki si mchezo. Isidori alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Ngoja," alisema Nasor. "Wewe ulijua."

"Ningejuaje?"

"Ndiyo nauliza. Tangu Ijumaa huli karanga, hutukani mtu. Ulijua, na ukakubali sharti." Alikaa karibu yake, akashusha sauti. "Isidori, niambie ulijuaje, na gunia nakusamehe. Hapa hapa, mbele ya mashahidi. Unabaki Profesa wako."

Ilikuwa bei nzuri. Sentensi moja tu: Gariki alikaa hapo ulipokaa wewe. Wangemzunguka, wangeuomba ule mpira waushike, na jina la Profesa lingefika mpaka Feri. Halafu wangeuliza, alikuwaje? Mkono ulikuwaje? Na Isidori hakuwa mtu wa kuelezea nusu.

"Jumamosi saa nne," alisema. "Mniletee gunia gumu, nisianguke."

Jumamosi soko lilijaa. Nasor mwenyewe alimshika kiwiko akipanda, maana gunia lilikuwa la vitunguu na lilikuwa likiyumba.

"Mimi, Isidori wa Kibosho, sijui gofu!"

Wachukuzi walipiga miluzi. Mara ya pili hata wauza kuku waliacha kazi. Mara ya tatu Mektilda, muuza ndizi, aliuliza kwa sauti iliyofika mwisho wa soko:

"Shemeji, na huyo Gariki wako, umewahi kumwona hata kisogo?"

Soko zima likacheka. Mkono wa Isidori ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali, umeufumbata mpira, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya wino.

"Namwona kila siku," alisema. "Pale ukutani kwa Nasor, anabusu kombe."

Akautoa mkono mtupu, akampa Nasor amsaidie kushuka.