Uchaguzi Mdogo wa Mpiga Gita wa Tano

Mwanangu Cornel aliandika kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda chake: WAPIGA GITA WATANO BORA DUNIANI. Wote walikuwa watu wa Ulaya na Marekani, wa muziki wa roki, aliowasikia redioni. Lupakisyo hakuwemo. Lupakisyo ndiye mimi. Nilipiga gita miaka kumi na minne katika kambi za gengi la kutengeneza reli, kutoka Kilosa mpaka hapa Munisagara, na hilo gita analolikwangua kutwa nzima nililinunua mimi. Niliacha alipokuwa na miaka mitatu, reli iliponibana kidole. Orodha ile iliniuma sana.

Septemba ya mwaka 1970 redio ikatangaza kwamba namba moja, Rei Kolta wa Marekani, amefariki. Cornel akanyoa kichwa, akatandika jamvi uani, akakaa chini na kulia kwa sauti. Huku kwetu mtu hahoji msiba, anaukalia kwanza. Mpaka saa sita wanakijiji thelathini na tano walikuwa wameketi uani kwangu, unga na kuni vimeletwa, na mimi baba mwenye nyumba nikawa napokea pole.

"Pole sana, mzee. Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa namba moja," nikajibu.

Siku ya pili wakaja watani kutoka Lumuma. Mkubwa wao, Donati, akajilaza mlangoni, akauliza marehemu alikuwa kabila gani ili ajue kama ana haki ya kumtania. Cornel akasema kule kwao mambo ya kabila hayajulikani.

"Asiye na kabila ni mtani wa wote," Donati akaamua, akaondoka na jogoo wangu.

Siku ya tatu, wakati wa kumaliza matanga, Bibi Costancia, balozi wetu wa nyumba kumi, akasimama na daftari lake.

"Ndugu wananchi, marehemu ameacha nafasi. Wa pili anapanda kuwa wa kwanza, wa tatu anakuwa wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nafasi ya tano iko wazi, na kijiji cha ujamaa hakikai na nafasi wazi. Nani anagombea?"

Nilisimama kabla hajafunga mdomo. Cornel naye akampendekeza Mwingereza mmoja mwenye nywele za kufika mabegani, akaonyesha picha yake aliyoikata kwenye gazeti la watalii alipokuwa kibarua Mikumi. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, kwa hiyo utaratibu watu walikuwa nao kichwani: mimi nikapewa alama ya Jembe, Mwingereza akapewa Nyumba.

"Huyu ndugu wa Nyumba," jirani yangu Onesphory akauliza, "Jumamosi atakuja kuchimba mfereji wa kijiji?"

Cornel alifikiri kidogo, akakiri kwamba itakuwa vigumu.

Kila mfiwa akapewa punje moja ya hindi ya kutia kwenye chungu cha mgombea anayemtaka. Nilishinda kwa punje thelathini na moja dhidi ya nne, na moja ya hizo nne ilikuwa ya mke wangu Filomena. Nikampa Cornel kipande cha mkaa akaandike jina langu. Hakukipokea.

"Baba, kura si masikio," akasema taratibu. "Mimi sijawahi kukusikia."

Nilikasirika. Nikalichukua gita, nikakaa jamvini na kidole changu kibovu, nikaanza wimbo pekee niliokuwa bado naukumbuka, ule tuliouimba tukinyanyua reli kambini. Nilipiga polepole kwa sababu sikuweza kwa haraka.

Cornel akainua kichwa.

"Huo ni wimbo wangu," akasema. "Nimeutoa kwa Rei Kolta."

Nikaendelea. Akasogea, akaangalia vidole vyangu, kisha midomo yake ikaanza kuufuata kwa ile kasi ya fujo ninayoigombeza kila siku. Tulikutana kila mahali katika wimbo, mpaka kwenye kosa dogo la katikati ambalo sikuwahi kulirekebisha.

"Si ndio huo aliokuwa anakupigia baba yako ukiwa mgongoni kwangu?" Filomena akasema kutoka jikoni. "Ulikuwa hulali bila huo. Mimi nilidhani mnajua."

Cornel akaniangalia, nami nikamwangalia. Nikaliweka gita chini na kulia kama mtoto, mbele ya kijiji kizima.

Donati, aliyekuwa amerudi kumaliza matanga, akanishika bega.

"Lia tu, mzee," akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa watu."