Salamu kwa Utumbo wa Zihindula

Jumanne saa nne asubuhi Emérence alikuwa anayeyusha sombe ya pakiti, kisamvu cha kwao, jikoni kwake, East Side ya Buffalo, simu ilipopigwa kutoka maabara ya Columbus. Kipande cha utumbo wa mumewe, Zihindula, kilikuwa na protini ambazo kiwango chake huongezeka utumbo ukichomwa na mionzi. Zilikuwa zinaguna kwenye sahani ya kioo, alisema mtaalamu Angelika, ila hazijibu maswali.

"Umezisalimia?"

Angelika hakuwa amezisalimia. Mtanzania mzima, kasoma mpaka kasahau adabu. Emérence akaomba simu isogezwe kwenye sahani.

"Jambo zenu. Mulilala muzuri?"

"Tulilala, mama, aksanti," protini zikajibu. "Ni ile mapipa ya manjano ya chini ya depo. Miaka sita Zihindula anafagia pembeni yake. Bosi alikuwa anajua. Ye hakukuwa anashukaka."

Angelika akaandika yote, pamoja na kiwango cha kila protini.

Zihindula alitaka jambo moja tu: sehemu ile ya chini, kwenye depo ya Cheektowaga, ghala la kampuni aliyoifanyia kazi, ifungwe. Alipougua, kampuni ilimpa binti yake Chimène ufagio uleule, ikauita huo wema.

Matokeo yalipoifikia, kampuni ikamtuma kule maabara mkuu wake wa usalama kutoka Louisville, bwana mwenye viatu vya kung'aa ambavyo havijawahi kushuka chini ya depo yoyote. Angelika alimweleza utaratibu: kwanza salamu. Akacheka kwa pua. Bwana huyu humsalimia mbwa wake kila asubuhi, lakini utumbo wa mfagizi, hapana. Akauliza maswali kumi na manne mfululizo. Protini zikanyamaza, maana zililelewa vizuri kuliko yeye. Jedwali la vipimo alilikuta mezani, akaliwekea kikombe cha kahawa juu. Kisha akaandika kwamba hakuna ushahidi, akapanda ndege akarudi kwao.

Barua ilifika Ijumaa. Chini ya depo ni salama, zamu zinaendelea, na asiyetaka aache, wenye kutaka ni wengi. Zihindula aliisoma akageukia ukuta. Bima iliyomnunulia dawa ilitoka kwenye kazi ya Chimène, na kampuni ilijua hilo vizuri sana.

Saa saba mchana Chimène alipita jikoni na koti la kazi mkononi. Mama yake alikuwa anaosha sufuria.

"Jambo, Chimène. Uko muzuri?"

Kabla hajafungua kinywa, sauti ndogondogo zikajibu kutoka tumboni mwake.

"Tuko, mama. Aksanti kwa kutusalimia."

Emérence akafunga bomba.

"Muko humo tangu lini?"

"Tangu juma ya pili ya kazi, mama."

"Mama, bus itaniacha," Chimène akasema. Akavaa koti, akafunga zipu mpaka shingoni, akaenda kufagia.