Wiki Tatu za Kung'atwa

Winnie Garbutt alivuta kiti karibu na kitanda cha mumewe, akakunja ngumi, akampelekea kicheche. Ndivyo fereti, kicheche wa kufugwa, anavyofunzwa kuacha kung'ata: humpi vidole, unampa ngumi, maana kwenye ngumi meno hayapati pa kushika. Aking'ata, huondoi mkono. Ukiuondoa tu, umemfundisha kwamba yeye ndiye bwana mkubwa.

Akang'ata. Winnie hakuondoa mkono. Wiki ya tatu hiyo, kila siku baada ya chakula cha mchana, saa nzima.

"Msukumie," Sep alisema kutoka kwenye mito. "Ukimwogopa atakuona mjinga."

"Na mjinga ndiye mimi, bwana wee. Mwenye akili zake angekuwa hapa?"

Sep alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Miaka thelathini na minne ya kuchimba makaa ya mawe ilikuwa imemjaza vumbi mapafuni, na sasa kitanda chake kilikuwa sebuleni, kwa sababu ngazi hakuziweza tena. Vicheche wake wanne wa kuwindia sungura aliwagawa kwa wenzake wa mawindoni, akabakiza huyu jike mmoja. Mtaani kwao kicheche halali ndani, hata kuwe na theluji. Makao yake ni banda la uani. Sep alipoomba aletewe wake kitandani, majirani walielewa kwamba hatoki tena.

Tabu ilikuwa kwa nesi Pallister, aliyekuja kila asubuhi kumchoma Sep sindano na kumgeuza. Kicheche alikuwa ameshamng'ata mara mbili.

"Ijumaa nikija, Bi Garbutt, nitanyoosha mkono juu ya kitanda," alisema huku akijifunga kitambaa kidoleni. "Akinigusa kwa jino, ama atoke yeye, ama mimi sirudi. Chagueni wenyewe."

Na bila nesi, Winnie asingeweza kumgeuza Sep peke yake. Basi alifunza. Alifunza akiwa hoi, baada ya kuwasha moto alfajiri, kumwaga mabeseni, kufua mashuka na kuchemsha supu ambayo Sep aliionja tu. Kilichomkera zaidi ni kwamba kila akimaliza alimwacha mnyama amelainika, kesho yake akamkuta anavirukia vidole kwa uchu kuliko jana. Wiki tatu, na mambo yalikuwa yanarudi nyuma.

Alhamisi alitoka kwenda kuanika nguo, akazitupia kambani, akakumbuka vibanio vimebaki jikoni. Aliporudi alipita mlango wa sebule. Sep alikuwa ameshika kopo la maziwa mazito ya sukari. Alichovya kidole, akampa kicheche, naye akakilamba na kukitafuna kwa raha zake zote. Kila mfugaji wa vicheche anajua, hata mtoto: usimlishe kwa kidole, atadhani vidole vyote ni chakula. Na Sep alikuwa amewafuga kwa miaka hamsini.

"Sep!"

Alilisukuma kopo chini ya blanketi. Maziwa yakamwagika kwenye shuka safi.

"Wiki tatu natafunwa mikono, na wewe huku unamfundisha vidole ni chakula? Wewe? Si wewe uliyemfukuza kaka yangu bandani kwa kosa hilihili?"

"Winnie..."

"Usiniite! Unataka nesi asije? Unataka nikugeuze peke yangu, mgongo ukatike tulale wote wawili hapo?"

Sep alihangaika kutafuta pumzi. "Akishafunzika, utarudi jikoni."

"Nini?"

"Unaleta dawa, unatoka. Unaleta beseni, unatoka. Sikulaumu, mama, kazi ni nyingi. Lakini tangu uanze na huyu mnyama unakaa. Saa nzima unakaa, unanisema, tunacheka. Nikaona akifuzu, basi tena."

Hasira ilimwishia Winnie, ukabaki uchovu, na uchovu ndio uliomliza. Alilia waziwazi, hakuwa na nguvu ya kujificha. Aliona aibu pia, kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli. Aliogopa kukaa. Angekaa angesinzia, na akisinzia nani angeutazama moto?

"Kesho atamng'ata nesi," alisema alipoweza kusema.

"Atamng'ata." Sep alimpapasa kicheche mgongoni, polepole, toka shingoni mpaka mkiani. "Mpelekee Jobling, yule niliyewinda naye. Ana banda kavu, na mkono wake hautetemeki akiwashika." Kisha akageuza uso ukutani.

Winnie alimtia kicheche kwenye kisanduku cha kubebea, akavuka uchochoro mpaka kwa Jobling. Jobling alifungua mlango, akakitazama kisanduku, akavua kofia kama aliyefika msibani. Akakipokea kwa mikono miwili.

Aliporudi mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Nguo zilikuwa kambani, viazi havijamenywa, na moto ulikuwa unafifia. Winnie aliingia sebuleni, akamfuta Sep maziwa vidoleni kwa ncha ya aproni, akaketi. Sep aligeuza kichwa, akamtazama, akasikiliza mvua.

"Nguo zinalowa," alisema.

"Zilowe."