Mashati ya Bosi Mkubwa

Mnada wa mtandaoni ulifungwa Jumanne saa tisa kamili alasiri, Mama Pindo akiwa anapiga pasi kola ya sare ya shule. Mdogo wake, fundi simu wa kibanda cha pili, aliingia mbio na simu mkononi.

"Dada, imekwenda! Imechukuliwa na mtu anajiita Bosi Mkubwa. Kawapiku watu kumi na wanne!"

"Afadhali," Mama Pindo alisema, akaiweka pasi kando.

Kilichouzwa ni cherehani yake kubwa ya umeme, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto nalo limeanza ukungu, na hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa: Ijumaa ya wiki iliyofuata, aje amekamilisha malipo. Cherehani ikienda, macho yanarudi. Mpango wenyewe ndio huo tu. Kazi angeendelea nayo kwa ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono.

Akarudi kumalizia sare. Akakanyaga pedali. Cherehani kubwa haikujibu. Umeme upo, taa inawaka, sindano imetulia tuli.

"Imeshauzwa," akasema, akaondoa mguu. Haikuwa yake tena, angeilazimishaje?

Bosi Mkubwa aliandika jioni hiyo: "Niko njiani." Jumatano akaandika: "Kesho bila kukosa." Baada ya hapo kimya, simu inaita weee mpaka inakatika. Watu wa mnada walijibu kwamba bidhaa iliyopata mshindi haiuzwi kwa mwingine hadi siku thelathini ziishe, wakamalizia kwa kumpongeza kwa mauzo mazuri. Jamani!

Jumamosi asubuhi cherehani ilianza kushona yenyewe.

Sasa, fundi yeyote anajua kwamba cherehani haiendeshwi bila kitambaa; meno yanasagika, sindano inakatika. Kwa hiyo Mama Pindo alichukua kitambaa cheupe alichonunua kwa ajili ya sare, akakisogeza chini ya sindano, akarudi kwenye kazi yake ya mkono. Kufika adhuhuri shati lilikuwa tayari, limekatwa bila mkasi, vifungo kila kimoja mahali pake.

Alilipeleka dirishani. Miezi saba alikuwa haoni tundu la sindano. Wateja aliwajua kwa sauti. Lakini mshono ule aliuona. Kila pigo la uzi, dogo kama chembe ya chumvi, lilikuwa wazi ndani ya ukungu wa jicho lake, mstari mmoja mnyoofu toka kwapani hadi kwenye pindo. Machozi yakamtoka. Alikuwa ameshona miaka ishirini na sita na hajawahi kushona kitu kama kile.

Habari zikaenea. Watu walikuja wakasimama mlangoni, wakavua kofia, wakanong'ona kama wako kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Kinyozi wa jirani alizima redio kila cherehani ilipoanza. Hakuna aliyeuliza inakuwaje. Waliuliza shati ni la nani.

"La mwenye cherehani," Mama Pindo aliwajibu.

Shati la tatu likaonyesha huyo mwenyewe yukoje. Bega la kushoto limeshuka, mtu wa kuning'iniza begi. Shingo nene. Mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa upana wa kidole. Shati la tano, kiuno kiliongezeka nusu inchi.

"Anakula vizuri," alisema mdogo wake.

"Ale tu, bora aje."

Ijumaa ya hospitali ikafika, ikapita. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba nafasi amepewa mwingine, ajaribu tena baada ya miezi mitano. Mama Pindo alikata simu, akakaa. Iliuma. Iliuma hasa. Kisha cherehani ikaanza shati la saba, naye akainuka kuipa kitambaa.

Jumatatu akaingia mwanamume kutaka suruali yake ipanuliwe kiuno. Mama Pindo alimpitishia futi kiunoni, kisha, bila kuombwa, akampima mabega na mikono.

"Karibu, Bosi Mkubwa."

"Umenijuaje? Aa, ile cherehani!" Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mama, samahani. Mimi huwa nabofya tu. Kuna raha yake simu ikikwambia umeshinda."

"Nafasi yangu ya hospitali imepita kwa ajili yako."

"Lo, pole sana, mama. Pole kweli."

Akampa shati. Akalivaa. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, wakasimama kizingitini. Lile bega lililoshuka lilikaa ndani ya shati kana kwamba mabega yote duniani yalipaswa kuwa hivyo. Mwanamume alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Sijawahi kuvaa kitu ambacho ni changu," alisema taratibu.

Akachukua mashati yote saba, kwani yangemkaa nani mwingine? Akaahidi kuja kesho yake na gari, achukue cherehani na alipe yote. Sauti ilikuwa ya mtu anayemaanisha.

Kesho yake saa nne mdogo mtu aliingia na simu mkononi, safari hii bila mbio.

"Dada. Bosi Mkubwa ameshinda jokofu."

"La nani?"

"La mama mmoja ng'ambo ya mji. Keshamwandikia yuko njiani."

Mama Pindo alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mwambie huyo mama aweke maji ndani," akasema. "Lisije likagandisha bure."

Nyuma yake cherehani ilikuwa inaanza shati la nane. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha. Akaenda chumbani, akashusha pazia la dirisha, akalikunja vizuri na kulisogeza chini ya sindano. Kisha akainamisha jicho lake bovu karibu na mshono, akautazama.