Tumba Moja Lililobaki

Mume wangu Hedley alipanda mbegu ya heleboro, ua la majira ya baridi, alipotimiza miaka sabini na mitano, akalingoja ua la kwanza miaka minne. Mimi hanisubiri hata chai iive.

Januari hii mmea ukatoa matumba saba. Hedley akakata majani yote ya zamani, kama wafanyavyo wenye maua haya hapa kijijini, ili panya wakose pa kujificha. Sungura huogopa sumu ya heleboro. Panya hula matumba yake kama karanga. Kisha akaenda kwa dada yake.

"Doreen, usiguse kitu," aliniambia mlangoni.

Kesho yake jalidi ikaanguka, bustani ikawa nyeupe. Nachungulia dirishani, heleboro limelala chali. Nikalimwagia ndoo nzima ya majani makavu, nikalifunika kama mtoto mchanga. Kumbe heleboro hulala kwa baridi, likipata jua huinuka lenyewe. Hedley alishaniambia mara mia, nami sikusikiliza.

Hedley aliporudi akafunua yale majani. Panya akatoka, mnene, bila haraka. Matumba sita yalikuwa yametafunwa.

"Umemfungulia gesti," akasema.

"Nilidhani linakufa, mzee."

"Na kifungua kinywa juu."

Tumba lililobaki akalizungushia wavu, akawa analikagua asubuhi na jioni. Likizaa mbegu, alisema, kazi yake haijapotea. Nililiombea, mimi nisiyepatana na kasisi.

Februari likachanua. Lakini heleboro hutazama chini. Kuuona uso wake lazima upige magoti, na magoti yangu yalishanikataa. Nikasimama na mkongojo wangu, naona kisogo tu.

"Ndani likoje?" nikamuuliza Hedley, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye tope.

Akautazama mkongojo wangu. Akatoa mkasi, akalikata.

"Hedley, mbegu zako."

Akaingia jikoni, akajaza maji bakuli la supu, akaliweka ua lielee, uso juu. Lilikuwa la manjano, lenye madoa mekundu kama vipele vya tetekuwanga. Nikalia bila aibu.

"Kupanda upya ni miaka minne mingine, Hedley. Utakuwa na themanini na mitatu."

"Najua hesabu," akasema, akinivutia kiti. "Kaa utazame vizuri. Majini halimalizi siku tatu."